Forester ya turbo yenye gia za mkono: vile utaiendesha Nakuru hadi Kisumu bila kuua klachi wala turbo

Naishi Nakuru na kwetu ni Vihiga, na hii safari naifanya na Subaru Forester ya turbo yenye gia za mkono, mwaka wa sita sasa. Hiyo barabara ya Salgaa, Mau Summit, Kericho mpaka Kisumu naijua kona kwa kona. Kila nikisimama kuweka mafuta hakosi mtu wa kuja kuniuliza, hii gari si ni shida, si inakunywa sana, si turbo huwa inakufa haraka. Naandika hii kwa huyo mtu, na kwa yule ambaye ameshanunua na bado anaiogopa. Turbo yenyewe haina ubaya. Gari inaharibika kwa sababu mtu anaiendesha kama haina turbo, na makosa karibu yote yako sehemu tatu: kwa mlima, kwa mteremko, na ile dakika moja kabla hujazima.

Acha nianze na kwa nini turbo ina maana huku kwetu kuliko Mombasa. Nakuru town iko kama mita 1,850 juu ya bahari, Mau Summit imepita 2,500, ukielekea Eldoret pale Timboroa ni zaidi ya 2,700, halafu Kisumu unashuka mpaka kama 1,130. Vile unapanda ndivyo hewa inazidi kuwa nyepesi, na injini ya kawaida inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita elfu moja, kwa hivyo gari ya cc 2000 iliyokuwa inavuta vizuri pwani ikifika Mau Summit kama robo ya nguvu imeenda. Turbo inatumia ule moshi unaotoka kwa injini, moshi unazungusha feni ndogo, hiyo feni imeshikana kwa shafti moja na feni ingine ya upande wa pili ambayo inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa iliyopungua huko nje inajaziwa. Ndio maana unaona Forester ya turbo inapita pale Mau Summit imebeba watu watano na gunia la viazi kwa buti na haisikiki ikilia.

Lakini hiyo shafti inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kitu inaelea juu yake ni oili tu, utando mwembamba wa oili. Kumbuka hiyo, karibu kila kitu nitasema huko chini kinatoka hapo.

Nikisema Forester hapa namaanisha SG5, ile ya 2002 hadi 2007 yenye injini ya EJ205, na SH5 iliyofuata mpaka 2012. SG5 XT, yaani ile ya turbo, kwa karatasi za Japani ni nguvu ya farasi 220. Ukiwa na Suzuki Jimny ndogo ya cc 660 ya turbo mengi ya haya yanakuhusu pia, nguvu tu ndio tofauti. Na kwa sababu sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuleta gari iliyopita miaka minane, hizi za turbo na gia za mkono hazitatoka tena melini, zimebaki zile ziko nchini, zinatoka mkono mmoja zinaingia mwingine. Kwa hivyo unayonunua imeshapitia watu, na ni lazima ujue kuikagua.

Ukienda kuangalia gari mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mwambie siku moja mbele, kwa adabu, na ukifika weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Injini baridi ndio inasema ukweli, ikipata moto inaficha mambo mingi. Iwashwe ukiwa umesimama nyuma ya silensa. Moshi wa bluu ukitoka mara ya kwanza halafu uishe, hapo unafikiria sili za valvu ama oili imekaa kwa turbo, moshi mweupe unaonuka utamu na hauishi hata injini ikipata joto ni maji yanaingia kwa injini, na mweusi ni petroli imezidi. Fungua ile chupa ya plastiki ya maji injini ikiwa inanguruma na uangalie kama mapovu yanapanda moja moja bila kuacha. Hiyo ni gasketi ya hedi, na kwa hii injini iliyolala kulia na kushoto hiyo kazi ni ya kuteremsha injini, si ya jioni moja. Mimi gari yangu niliuziwa ikiwa imeoshwa injini mpaka inang'aa, nikafurahia usafi, wiki moja baadaye oili ilikuwa inadondoka kwa kava za valvu pande zote mbili. Siku hizi nikiona injini imeoshwa jana naomba niendeshe nusu saa kwanza halafu niingie chini na tochi.

Turbo yenyewe unaikagua kwa vidole. Fundi wangu hapa Nakuru, mtaa wa Shabab, alinionyesha na sijasahau: alilegeza paipu ya hewa inayoingia kwa turbo, akaingiza vidole viwili akashika ncha ya ile feni, akaniambia, "Mkubwa, sikia mwenyewe." Nikaisukuma kushoto na kulia, ikacheza kidogo sana, kama jino la mtoto ambalo ndio tu linaanza kulegea. Akasema hiyo ni sawa, oili ikiingia inajaza hapo. Halafu akaniambia niivute mbele na nyuma, na hapo haikucheza kabisa. Ndio inavyotakiwa. Ikicheza mbele na nyuma, ama mabapa ya feni yamegusa ukuta na kuacha alama, hiyo turbo imeisha na bei ishuke ama uondoke. Ndani ya paipu kukiwa na unyevu kidogo wa oili usishtuke, lakini ikiwa ni dimbwi, shtuka.

Klachi unaipima barabarani. Weka gia ya nne ukiwa na kama kilomita 50 kwa saa, halafu kanyaga mafuta mpaka chini. Resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ikiruka juu na gari haiongezi spidi, klachi inateleza na unaelekea kununua ingine. Ukiibadilisha badilisha zote, plate, kava na ile beringi ya kusukuma, na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo klachi inashika, ichongwe, kwa sababu kazi kubwa ni kushusha giaboksi na hutaki kuishusha tena kwa sababu ya beringi moja. Sema wazi ni ya turbo, na fundi aweke mpya kando ya nzee alinganishe kabla hajafunga.

Ulizia mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, umebadilishwa lini. Ni kilomita laki moja, na ukikatika kwa hii injini pistoni zinagonga valvu zinapinda, hakuna bahati hapo. Kama muuzaji hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, ubadilishe pamoja na pampu ya maji na zile puli zake.

Kingine watu hawajui. Giaboksi ya mkono ya Subaru inagawa nguvu mbele na nyuma kupitia difu ya katikati, na hiyo difu inateswa na tairi zisizolingana. Mbili mpya mbele na mbili zimeisha nyuma, ama sizi tofauti, zinaifanya ifanye kazi kila saa hata kwa lami iliyonyooka. Pinda usukani mpaka mwisho uzunguke polepole kwa uwanja, gari ikijifunga kama mtu ameshika handbreki, difu imechoka. Nunua tairi nne mara moja, najua ni pesa, lakini ni pesa kidogo kuliko hiyo difu.

Sasa kuendesha. Asubuhi kabla hujawasha chomoa ile fimbo ya oili, gari ikiwa pahali sawa, pangusa, rudisha, chomoa tena. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja, na hizi injini zinakunywa oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima, kwa hivyo usingoje servisi ndio uangalie, mimi naangalia kila Jumamosi na kabla ya kila safari. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000 na sisogezi hata na 500. Kwa baadhi ya hizi injini kuna kichujio kidogo sana ndani ya bolti ya paipu inayopeleka oili kwa turbo, kikiziba na uchafu wa oili nzee turbo inakauka na kufa, na mtu ataambiwa turbo ilikuwa mbovu na hataambiwa ni oili. Ukishawasha usikae ukiipiga resi kwa boma, ondoka polepole, usipite resi elfu mbili na nusu mpaka mshale wa temperecha ukae pahali pake.

Kutoka Nakuru ukipita Ngata mpaka Rongai ni raha. Mlima ndio utakuonyesha kama unajua gari yako. Kosa ambalo naona sana ni mtu kubaki gia ya tano kwa mlima, resi imeshuka 1,800, halafu anakanyaga mafuta yote akingoja turbo imvute. Usifanye hivyo kabisa. Turbo haijaamka vizuri hapo chini, na ikianza kusukuma hewa nyingi injini ikiwa inazunguka pole pole, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinapigwa, utasikia kama mtu anatikisa vibuyu vya kokoto ndani ya boneti. Hiyo sauti ni pesa inapotea. Rudi nne, ikihitajika rudi tatu, acha injini iimbe kwa 3,000, hapo haitumii nguvu nyingi vile unafikiria na inapanda bila kuumia. Na ndio, hii gari weka petroli nzuri, ukifungua kifuniko cha tangi utaona maandishi ya Kijapani, wameandika petroli ya premiamu. Mimi naweka V-Power ya Shell na naiona tofauti kwa mlima, kwa tambarare siioni sana.

Kupita trela ndio mahali turbo inaweza kukuokoa ama kukuua. Turbo ina usingizi wake, ukikanyaga inachukua kama sekunde moja kabla nguvu ifike, na hiyo sekunde mtu wa otomatiki haifikirii. Usitoke kwa laini yako turbo ikiwa imelala. Ukiwa bado nyuma ya trela, na umeacha nafasi ya kuona mbele, shuka gia ya tatu, resi iwe 3,000 ama zaidi, kanyaga kidogo usikie gari imeanza kukaza mgongo, ndio utoke. Ukitoka na gia ya tano utajikuta kando ya trela mnaenda pamoja na lori linakuja mbele. Na kama umeona mstari haukatiki, kaa nyuma, kuna trela hapo Sachangwan, ule mlima ukishapita Salgaa, zinapanda kama mtu anatembea na hiyo haraka haitakuongezea kitu.

Sachangwan na Salgaa watu wetu wengi wameisha hapo, na sitazungumza juu ya mteremko bila kusema hivyo. Kuna tabia moja mbaya sana, ya kuteremka na frii, yaani gia imetolewa. Mtu anasema anaokoa mafuta. Haokoi hata tone, kwa sababu gari ya injekta ukiwa na gia na umeondoa mguu kwa mafuta, petroli inafungwa kabisa, magurudumu ndiyo yanazungusha injini, lakini ukiweka frii lazima injini ijilishe yenyewe isizime. Na juu ya hiyo umeondoa ile breki ya injini, kazi yote umeachia pedi na diski, zinapata moto, maji ya breki yanachemka, pedali inaenda mpaka chini na hakuna kitu. Shuka na gia ile ile ungetumia kupanda huo mlima. Mimi Sachangwan nashuka na gia ya tatu, injini inanguruma, mguu wa breki unagusa kwa nguvu mara moja, unaachilia, unagusa tena. Usiukalie. Chagua gia kabla mteremko haujaanza, si katikati. Ukishuka kutoka Kericho kuelekea Kapsoit na Awasi ni vile vile, ule mteremko ni mrefu na unadanganya kwa sababu haukai mkali, lakini kufika Ahero utakuwa umeteremka karibu kilomita nzima.

Klachi nayo. Siku moja nilikuwa natoka Kisumu na mama yangu, tunapanda Kiboswa, soko limejaa, matatu zimesimama mbili mbili, na mimi nashikilia gari kwa mlima na klachi nusu, mguu mmoja huku na mwingine kule, nasogea, nasimama, nasogea. Mama akaweka leso puani akaniambia, "Baba, kuna kitu inaungua hapa." Ilikuwa klachi yangu, ile harufu kama ya viatu vya raba vimewekwa kwa makaa. Kutoka siku hiyo handbreki ndio rafiki yangu. Foleni ikisimama kwa mlima, vuta handbreki, toa gia, pumzisha mguu. Ikisogea, weka gia ya kwanza, inua klachi mpaka usikie boneti inainuka kidogo, ongeza mafuta kidogo, ndio uachilie handbreki. Usisogee kila mara aliye mbele anasogea hatua moja, ngoja nafasi ifunguke ya kutosha uende mara moja. Na ukishaenda mguu utoke kwa pedali kabisa, usiupumzishe hapo juu, hata uzito wa kiatu unatosha kumaliza ile beringi. Forester zingine za gia za mkono zina kifaa cha kushikilia breki kwa mlima mpaka uachilie klachi, pima kama yako bado inafanya kazi kabla hujaitegemea.

Matope nitasema kidogo tu. Ukiingia barabara za ndani Hamisi ama zile za miwa upande wa Muhoroni wakati wa mvua, anza na gia ya pili, mafuta kidogo, usiiache turbo iamke, kwa sababu nguvu ikija ghafla tairi zote nne zinachimba. Kama yako ina ile gia ndogo ya Hi na Lo, tumia Lo ukiwa bado haujakwama. Na ukikwama usichezeshe klachi mbele nyuma dakika ishirini, ita vijana wasukume, klachi ni ghali kuliko soda zao.

Kuna vijana wanatoa ile valvu inayorudisha hewa kwa turbo wanaweka ya kupuliza nje ili isikike ikilia wakiachilia mafuta. Ninawaomba muiache. Hiyo hewa kompyuta imeshaihesabu, ukiimwaga nje petroli inabaki imezidi, gari inatoa moshi mweusi, inakohoa kati ya gia, na plagi zinachafuka. Afadhali hiyo pesa uende ubadilishie paipu za raba za intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwa turbo, zikipasuka utasikia "shhhh" ukikanyaga na gari inakosa nguvu, na watu wanaanza kununua turbo kumbe ni raba.

Angalia mshale wa temperecha kila kona, hasa ukipanda mchana na mzigo. Ukianza kupanda juu ya pale umezoea, zima AC, washa hita, punguza mafuta, tafuta pahali salama usimame. Usifungue kifuniko chochote kikiwa moto, na ujue hii injini ya turbo ina tangi dogo la chuma huko juu kando ya turbo lenye kifuniko chake, maji yanajazwa hapo ili hewa itoke, ukijaza kwa redieta peke yake hewa inabaki ndani na itachemka tena Londiani.

Ukifika sasa. Umetoka kupanda, turbo imekuwa nyekundu kwa moto, ukizima hapo hapo pampu ya oili inasimama na ile oili iliyobaki kwa shafti inaungua inakuwa kama masizi ya sufuria, siku ingine masizi yanaziba njia. Turbo za Subaru zina maji pia ya kuzipoza, kwa hivyo si lazima ukae dakika kumi ukiwa umewasha kama wengine wanavyosema. Mimi kilomita mbili za mwisho naenda polepole, gia ya juu, resi chini, kutoka Majengo mpaka nyumbani sikanyagi tena. Nikifika kwa boma naacha inguruma dakika moja, watoto wanashusha mizigo, halafu nazima. Mahali utasahau ni petroli stesheni, umepanda na kasi ukaingia moja kwa moja kwa pampu na lazima uzime hapo, kwa hivyo anza kupunguza mapema ukiona ile bango mbele.

Usiku tandika katoni chini ya injini, hata ya unga, ulifungue lilale. Asubuhi lisome. Tone jeusi mbele kushoto ama kulia ni kava za valvu, jeusi katikati pale injini inakutana na giaboksi ni ile sili ya nyuma na hiyo ungoje uifanye siku unabadilisha klachi, tone zito linalonuka kama yai bovu ni oili ya giaboksi, na la kijani ama jekundu jepesi ni maji ya redieta, na hilo usiondoke Vihiga kabla hujajua limetoka wapi.